Mwalimu wa Wete kauliza: nimetoka makumbusho ya Gisozi, niwaambie nini wanafunzi wangu?

Waalaykum salaam Mwalimu wangu. Barua yako nimeisoma taratibu, na kwa kuwa umeniruhusu nikujibu mbele ya watu naanza kwa kuifupisha ili na wengine wafuate. Mlikwenda Kigali walimu wa historia kwa mafunzo, mkapelekwa makumbusho ya mauaji ya kimbari pale Gisozi, ukatoka hujiwezi khasa baada ya kile chumba cha watoto ambacho kila picha imeandikwa chini yake mtoto alipenda kula nini, alicheza na nani, na kauliwa vipi. Kwenye basi mwenzenu mmoja akasema hawa watu wana roho za kinyama, kwetu sisi haiwezi kutokea abadan, sisi watu wa dini na ustaarabu, na wewe ukanyamaza. Uliporudi Wete, Pemba, ukawasimulia wanafunzi wako wa Kidato cha Tatu, kijana mmoja akanyosha mkono, Mwalimu, na ile ya 1964 kwetu ilikuwa mauaji ya kimbari pia? Ukamwambia ntakujibu wiki ijayo. Sasa unataka kujua umwambie nini mwenzako na umwambie nini kijana.

Mie nimesomesha sheria za haki za binadamu hapa Unguja muda mrefu, na nakwambia maswali yako mawili ni moja. Mwenzako anataka kututoa sote kwenye ile hadithi, kijana anataka kujua kama tumo. Basi tuanze na mwenzako.

Hoja ya roho za kinyama ina raha yake, manake ukishasema wale wanyama basi umemaliza, huna cha kujifunza, unapanda basi unarudi hotelini. Lakini mahkama haikuweza kufanya kazi na maneno kama hayo. Nazungumzia ile mahkama ya kimataifa ya Rwanda, iliundwa na Baraza la Usalama Novemba 1994 ikakaa Arusha, nchi yetu wenyewe, ikashitaki watu 93 mpaka ilipofungwa mwisho wa 2015. Ni pale Arusha, tarehe 2 Septemba 1998, ndipo kwa mara ya kwanza duniani mahkama ya kimataifa ilipomtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari. Na mtu mwenyewe alikuwa mwalimu kama wewe.

Jean-Paul Akayesu. Alisomesha skuli, akapanda akawa mkaguzi wa elimu, mtu anaheshimika kwao, ana mke na watoto, 1993 akawa meya wa Taba, mkoa wa Gitarama. Hakuwa hata mtu wa chama cha rais, alikuwa upinzani. Sasa hapa ndipo penyewe. Ndege ya Rais Habyarimana ilitunguliwa usiku wa tarehe 6 Aprili 1994 ikirudi kutoka mkutanoni Dar es Salaam, watu wakaanza kuuliwa Kigali, na majaji wenyewe waliona kwamba mpaka tarehe 18 Akayesu alijaribu kuzuia mauaji yasiingie kwake Taba. Tarehe 18 mameya wa mkoa ule wakaitwa mkutanoni na viongozi wa serikali ya muda, waziri mkuu Jean Kambanda akiwemo. Aliporudi alikuwa mtu mwengine. Asubuhi ya tarehe 19 alisimama mbele ya watu pahala panaitwa Gishyeshye akawahimiza waungane wammalize adui, na waliokuwepo walifahamu vizuri adui anaesemwa ni nani, ni Watutsi, mauaji yakaanza. Wanawake waliokimbilia ofisini kwake, maana ofisi ya serikali mtu anadhani ndio pa salama, walibakwa pale pale na yeye anajua. Taba peke yake waliuliwa watu wasiopungua 2,000. Akapewa kifungo cha maisha. Mashtaka ya ubakaji hayakuwemo mwanzoni, yaliongezwa kesi ikiwa katikati kwa sababu ya yale mashahidi waliyoyasema, wanawake wa shamba walikuja mbele ya majaji wakasema mambo ambayo kwetu mtu hata dada yake hamwambii, na kwa ajili yao hukumu ile ikawa ya mwanzo kutamka kwamba ubakaji nao waweza kuwa kitendo cha mauaji ya kimbari. Mie kila nikisomesha kesi hii hapo husimama kidogo kwa heshima yao.

Sasa muulize mwenzako, huyu roho ya mnyama aliipata lini? Tarehe 17 alikuwa nayo? Alipokuwa anakagua madaftari ya walimu alikuwa nayo? Alikuwa mtu wa kawaida mwenye cheo cha kati, siku kumi na mbili alisimama upande wa haki, halafu wakubwa wakamuonyesha upepo unaelekea wapi na yeye akapima, akaona bora kubaki na cheo chake. Hicho ndicho cha kututisha kwenye habari hii. Wanyama hatuwajui, lakini watu wanaopima upepo tunawajua, tunakaa nao, na pengine ndio sisi.

Na kama mwenzako atasema ah, basi aliekataa angeuliwa, mpe habari ya Butare. Mkuu wa mkoa wa Butare alikuwa Jean-Baptiste Habyalimana, ndie Mtutsi peke yake alieshika cheo hicho nchi nzima, na karibu wiki mbili za mwanzo mkoa wake ulibaki umetulia mpaka watu wakawa wanakimbilia huko. Serikali ya muda ikamuondosha kazini, tarehe 19 Aprili rais wa muda Sindikubwabo akenda mwenyewe Butare akahutubia, akawasema wanaokaa pembeni kama mambo hayawahusu, na baada ya hapo Butare ikawaka vibaya sana. Habyalimana nae aliuliwa. Kwa hivyo ndio, kukataa kuligharimu roho, sikufichi. Lakini iangalie habari yenyewe upande wa pili: watu wa Butare ni wale wale wa jana na juzi, nyoyo zao hazikugeuka usiku mmoja. Kilichogeuka ni aliekaa kwenye kiti na neno lililotoka juu. Maana yake mauaji yale yalihitaji ofisi. Yalihitaji mkuu wa mkoa, meya, na chini yake mpaka mtu wa mtaa anaejua nyumba ipi ina watu wangapi, yalihitaji vizuizi barabarani na mtu wa kusoma kitambulisho. Vitambulisho vyenyewe viliandikwa kabila, jambo walilolianzisha Wabelgiji miaka ya 1930, na miaka sitini baadae karatasi ile ile ndiyo iliyoamua nani apite kizuizini na nani ashushwe. Siku kama 100, Umoja wa Mataifa unasema watu 800,000, Rwanda wenyewe wanasema zaidi ya milioni, na hapo Gisozi ulipokanyaga wewe wamezikwa zaidi ya 250,000. Mauaji ya idadi hiyo hayafanywi kwa hasira tu, hasira huchoka.

Kuhusu dini. Hapa nitasema wazi kwa sababu najua ndio moyo wa hoja ya mwenzako. Rwanda ya 1994 ilikuwa nchi ya kanisa, watu walisali kila Jumapili, na wakauliwa ndani ya makanisa, Nyamata, Ntarama, na Nyange ambako padri wa parokia, Athanase Seromba, alihukumiwa Arusha kifungo cha maisha kwa yaliyotokea pale kanisa lilipoangushwa kwa buldoza na watu wamo ndani. Waislamu walikuwa wachache na ni kweli, wengi wao waliwaficha majirani, mitaa kama Biryogo kule Nyamirambo, ambako hadi leo utasikia Kiswahili kinasemwa, inakumbukwa kwa hilo na ni jambo la kujivunia. Lakini mhariri wa gazeti la Kangura, lile lililochapisha zile "amri kumi za Wahutu" Disemba 1990, jina lake Hassan Ngeze, Muislamu, na yeye alifungwa Arusha. Dini iliwasaidia walioitii pale ilipowagharimu. Kuwa nayo kwenye jina hakukumzuia mtu.

Kuna mama mmoja wa kijijini ambae walimu huwa hawamtaji, Zura Karuhimbi, mganga wa mitishamba. Aliwaficha watu zaidi ya mia nyumbani kwake, na wauaji walipofika alijipaka majani ya kuwasha, akiwagusa wanawashwa, anatikisa bangili anawaambia wakiingia ndani watayaamsha mapepo, nao wakakimbia. Hakuwa na bunduki wala cheo. Habari hiyo wanafunzi wako wa Pemba wataisikiliza mpaka mwisho, nakuhakikishia.

Na dunia je? Hapa napita haraka kwa sababu Gisozi wamewaeleza. Jenerali Dallaire, kamanda wa jeshi la Umoja wa Mataifa, alipeleka taarifa New York Januari 11, miezi mitatu kabla, kwamba kuna silaha zimefichwa na orodha zinatayarishwa, akakatazwa asiziendee. Na mauaji yalipopamba moto, tarehe 21 Aprili, Baraza la Usalama likalipunguza jeshi lile libaki watu 270. Wasomi wengi wanaishia hapo, wanalaumu New York, ni sawa, lakini mtoto wa Wete hatokaa kwenye Baraza la Usalama. Yeye ana uwezekano mkubwa wa kuwa mwalimu, karani, askari, sheha, au yule kijana wa kuendesha grupu la WhatsApp la mtaa. Ndio maana nakutaka uwafundishe watu wa kati.

Haya, sasa kijana wako. Nasema kwanza usimkatae na usimtishe, swali lake ni la halali na kauliza mwalimu badala ya kuuliza mitandaoni, hiyo imani kakupa.

Sheria inasema hivi. Mkataba wa 9 Disemba 1948, siku moja kabla ya Tamko la Haki za Binadamu, ambao Tanzania imejiunga nao 1984, unataja makundi ya aina nne tu: taifa, kabila, rangi na dini. Halafu unataja vitendo, kuua, kudhuru mwili au akili, kuwawekea watu maisha ya kuwamaliza, kuzuia wasizaane, kuwachukua watoto wao kwa nguvu. Halafu, na hapo ndipo kesi nyingi zinapokwama, lazima ithibitike kwamba aliefanya alikusudia kuliangamiza kundi lile kama kundi, lote au sehemu yake. Makundi ya kisiasa hayamo, yaliachwa nje wakati mkataba unajadiliwa, na mie sijawahi kulikubali hilo lakini ndio sheria ilivyo.

Sasa Januari 1964, siku za Mapinduzi ya Zanzibar. Usianze na tarehe 12 kama kwamba watu waliamka tu asubuhi. Anza nyuma, ipeleke akili yao Mkunazini, kwenye soko la watumwa lililofungwa 1873, utumwa wenyewe kisheria ukaendelea mpaka 1897, kuna familia visiwani humu zinajua mzee wao aliletwa kwa jahazi. Waambie serikali ya Muingereza ilivyotugawa, mpaka mgao wa chakula wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ulikwenda kwa asili ya mtu, Mhindi na wake, Mwarabu na wake, Mwafrika na wake. Halafu zama za siasa, kuanzia uchaguzi wa 1957, waulize mabibi zao watakwambieni, watu wa chama hiki hawanunui duka la yule, wakulima wanafukuzwa mashambani kwa kadi ya chama, na kubwa kuliko yote watu wakaacha kuzikana. Zanzibar hii, mtu anakufa jirani yake hendi! Juni 1961 uchaguzi ukaishia kwa fujo, wakafa watu 68, wengi wao Waarabu wa shamba. Uchaguzi wa 1963 chama cha Afro-Shirazi, ASP, kikapata kura zaidi ya nusu na viti 13 katika 31, waliohisi wamedhulumiwa walikuwa na sababu. Halafu Januari. Waliuliwa watu wengi, wengi wao kwa asili yao ya Kiarabu, na Wahindi nao, wakazikwa kwa pamoja, na maelfu wakaondoka wakenda Oman na kwengineko. Idadi zinatofautiana sana, wapo wanaosema elfu chache wapo wanaosema zaidi ya elfu kumi, wewe usichague moja ukaifanya yako.

Kijana akishikilia, ndio au sio? Mwambie hivi: kundi lilikuwepo, vitendo vilikuwepo, suala la kusudio halijawahi kufika mbele ya mahkama yoyote, ushahidi haukupimwa, na wasomi hawakubaliani. Hilo ndilo jibu la kweli la kisheria na usilipunguze wala kulizidisha. Lakini usimwache hapo, manake atafikiri jina ndio kipimo cha uchungu. Mpe mfano wa Bosnia. Julai 1995 Srebrenica waliuliwa wanaume na watoto wa kiume wa Kiislamu zaidi ya 7,000, na Mahkama ya Kimataifa ya Haki ikaamua 2007 kwamba hayo ni mauaji ya kimbari, lakini mauaji mengine ya vita ile, na yalikuwa mengi, mahkama ikasema kusudio lile mahsusi halikuthibitika. Je mama aliefiwa na mtoto nje ya Srebrenica kafiwa nusu? Yapo makosa mengine yana majina yake, jinai dhidi ya ubinadamu haihitaji kuthibitisha kwamba mtu alitaka kulimaliza kundi zima, inatosha raia kushambuliwa kwa upana au kwa mpango. Kumuua mtu asiekuwa na silaha kwa ajili ya asili yake ni dhulma nzito, na mie sisubiri jaji aniruhusu kuisema.

Tena jitayarishe, mwanafunzi mwengine atanyosha mkono aseme, na utumwa je, babu zetu waliopigwa mnyororo? Nae ana haki yake yote. Hapa ndipo walimu wengi wanapoharibu, wanachukua maiti za 1964 kulipia watumwa wa Mkunazini, au wanachukua Mkunazini kunyamazishia 1964, kama kwamba ni deni la dukani linafutana. Bibi alieletwa kwa jahazi hakumdhulumu mtu, na mtoto alieuliwa shamba 1964 hakumiliki mtumwa. Kila mmoja asimuliwe peke yake mpaka mwisho ndipo uende kwa mwengine.

Na nakuomba hili ulichukulie uzito kwa sababu wewe ni mwalimu wa historia. Katika waanzilishi wa ile redio ya chuki ya Rwanda, RTLM, iliyoanza 1993 na kuwaita Watutsi mende, na mauaji yalipoanza ikawa inataja majina ya watu na namba za gari hewani ili wasakwe, alikuwemo Ferdinand Nahimana, profesa wa historia chuo kikuu cha Rwanda. Arusha ilimhukumu na baada ya rufaa akabaki na miaka 30. Kangura na RTLM hawakuwa wanasema uongo mtupu muda wote, walikuwa wanakumbusha, ufalme wa zamani wa Watutsi, kazi za nguvu babu zenu walizofanyishwa, wanarudi kukufanyeni watwana tena. Dhulma ya zamani ilikuwepo kweli. Wakaichukua wakamvika mtoto aliezaliwa jana. Na kwetu zama za siasa habari za utumwa zilipigiwa siasa majukwaani hivyo hivyo, huku na upande wa pili wakiwaita wenzao watu wa bara wasio na kwao. Kwa hivyo makumbusho peke yake hayamkingi mtu. Mtu anaweza kuingia Mkunazini akatoka na huruma, mwengine akaingia mlango huo huo akatoka na orodha ya wa kuwalaumu, na tofauti mara nyingi inafanywa na alieongoza ziara, yaani wewe.

Skuli za Rwanda miaka ile walimu waliwataka watoto wasimame darasani, Wahutu simameni, Watutsi simameni, na kuna watoto ndio siku ya kwanza kujua wao ni nani. Wewe darasa lako lina wajukuu wa pande zote, wa waliokimbia na wa waliobaki, wa walioua na wa waliouliwa, na wengi ni wa pande mbili kwa wakati mmoja maana tumeoana. Usimuulize mtoto kabila lake mbele za watu. Usikubali neno "nyinyi" kwenye somo hili, anaesema "nyinyi mlituuza" au "nyinyi mlituua" msimamishe kwa upole, muulize jina la mtu alieuza au alieua, kama halijui basi aseme "waliouza," "walioua". Majina ya kubaguana kama "hizbu", "machotara", "wabara" yakitoka darasani usiyapite kama mzaha. Sura ya Tatu ya Katiba ya Zanzibar ya 1984 inakataza ubaguzi wa kabila na wa siasa, waonyeshe, waisome wenyewe.

Na mwenzako wa kwenye basi, aliesema kwetu haiwezi kutokea. Yeye pia ni wa Pemba, ulisema. Mkumbushe kwa adabu miaka ya tisini na kitu baada ya uchaguzi wa 1995, hapo hapo kwenu, watu walivyogawana maduka na misikiti kwa chama, harusi za CUF na harusi za CCM, na maiti ikapita bila ya jirani kuifuata. Mkumbushe 27 Januari 2001, risasi Wete, Micheweni, Chake, na mjini Unguja, tume ya serikali yenyewe ikasema wamekufa 31, na watu zaidi ya 2,000 wakavuka bahari wakawa wakimbizi Shimoni, Kenya, sisi ambao tulizoea kupokea wakimbizi tu, 1994 ile ile robo milioni ya Wanyarwanda walipita daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa siku moja. Hayo ya 2001 hayakuwa mauaji ya kimbari, na usimruhusu mtu yeyote aseme yalikuwa, neno likitumika kwa kila kitu litakosa nguvu siku ya haja. Nayataja kwa sababu moja: dini tulikuwa nayo, ustaarabu tulikuwa nao, na jirani tukamwacha azikwe na watu wa chama chake. Hatua ile ya mwanzo tunaijua kwa miguu yetu. Tukarudi nyuma, alhamdulillah, kwa muafaka wa 2001 uliolegalega, halafu maridhiano ya 2009, halafu kura ya maoni ya 31 Julai 2010 ambapo asilimia 66 walisema ndio kwa serikali ya umoja wa kitaifa. Walikaa watu mezani wakalifanya hilo, na ni watu wa aina ile ile ya cheo cha kati ndio waliolipeleka chini mitaani, masheha na maimamu na makatibu wa matawi, wengine kwa moyo wao na wengine wakikokotwa.

Uliuliza pia kuhusu wenzako waliopiga selfi. Pale ni makaburini. Makaburini kwetu tunajua tunavyoingia, basi na pale ni vivyo hivyo, na wanafunzi ukiwapeleka popote, Mkunazini au Mangapwani, waambie kabla hawajashuka kwenye gari.

Sasa somo lenyewe la wiki ijayo. Mie nisingeanza na picha za mafuvu, watoto wa miaka kumi na sita wataziona hizo simu zao zote, na zikishazoeleka hazisemi kitu. Waandikie ubaoni tarehe tu, 6 Aprili, 18 Aprili, 19 Aprili, uwasimulie Akayesu bila kuwaambia mwisho, usimame tarehe 18 usiku, anarudi nyumbani kutoka mkutanoni. Waulize anaweza kufanya nini kesho. Waache wabishane. Watasema akimbie, watasema ajifanye mgonjwa, atatokea mmoja atasema afuate amri ana watoto, na huyo usimcheke kwa sababu kasema kile ambacho wengi wetu tungekifanya. Ndipo uwaambie kilichotokea, na uwaambie na ya Habyalimana wa Butare.

Halafu wape Nyange. Ile Nyange ya kanisa, pana skuli ya sekondari pale. Tarehe 18 Machi 1997, vita vimeshakwisha lakini wauaji bado wanavuka mpaka usiku, waliingia madarasani wakawaamrisha wanafunzi wajitenge, Wahutu huku Watutsi huku. Wakakataa, wakasema sisi ni Wanyarwanda. Walipigwa risasi na kutupiwa mabomu, kadhaa wakafa, na leo wanafunzi wale wamo katika mashujaa wa taifa la Rwanda. Walikuwa umri wa darasa lako au wamezidi kidogo, na miaka mitatu nyuma walishaona kwa macho yao nini kinampata mtu asiejitenga.

Yule kijana wa swali mpe kazi ya ziada kama ataitaka, akae na mzee mmoja wa kwao amuulize zama za siasa, nani aliacha kumzika nani na nani alikataa kuacha, asimrekodi bila ya ruhusa, na mzee akisema sitaki aondoke kwa salamu. Mwambie mwalimu mkuu mapema ili asisikie kwa wazazi. Mie nakutumia tafsiri ya Kifungu cha 2 na cha 3 cha Mkataba kwa Kiswahili, haijai hata ukurasa, wachapishie kila mmoja ya kwake, na cha 3 ukisome kwa sauti darasani kwa sababu ndicho kinachosema kuchochea nako ni kosa, hata kama mkono wako haukumgusa mtu.